Umeuliza pesa, nami nakujibu maji

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha za mjukuu wangu nimewaonyesha majirani wote. Umeniuliza jambo moja: ukilichukua lile gari la Alfa Romeo 164 la marehemu babako, ukalitumia kila siku kutoka Bamburi hadi Kilindini na kurudi, litakula shilingi ngapi kwa mwezi. Ni swali la mtu mwenye mshahara na karo ya kulipa, sikulaumu. Lakini mimi sikuwa mshika pesa wa gari lile, nilikuwa mshika daftari. Kwa hivyo nitakujibu maji.

Injini ile ni V6, yaani silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la V, ya lita 3, valvu 12. Bloki yake ni alumini, silinda zake ni za chuma zilizopachikwa ndani, na maji ya rejeta yanazizunguka moja kwa moja. Tia humo maji ya chumvi na umetengeneza betri. Alumini huanza kuliwa polepole, na huoni kitu mpaka siku hosi inapovuja pale ilipofungwa. Utaikaza, itavuja tena, kisha utaivua na kukuta mdomo wa alumini umeliwa kama mlango ulioingia mchwa. Na Mombasa, mwanangu, maji ya chumvi hayangoji uende baharini. Yamo visimani mwetu.

Siku ile ya feri wewe waikumbuka kwa korosho. Mimi naikumbuka kwa dumu la njano. Tulikuwa twaenda Ukunda, harusi ya shangazi yako, foleni ya Likoni haisogei, AC imewashwa kwa sababu mimi ndiye niliyeitaka. Feni haikuzunguka. Feni ya gari lile ina kasi mbili. Kasi ndogo hupitia resista, kile kipunguza umeme, na resista ikikatika feni hunyamaza mpaka joto lipande kufikia zamu ya kasi kubwa, na kwenye jua la saa saba hapo huwa umeshachelewa. Mvuke ukatoka. Babako akasema tuzime, tungoje lipoe. Mkokoteni wa maji ukapita. Aliyemwita yule kijana ni mimi. Aliyelipa ni mimi. Aliyesema bibi harusi hatatungoja ni mimi pia, na babako, ambaye hakuwahi kunipinga mbele ya watu, akamimina.

Makosa mawili katika dumu moja. Maji baridi juu ya alumini iliyochemka: hedi ya mbele, kile kifuniko cha juu ya silinda, ikapinda, gasketi ikaachia, na wiki haikwisha oili ikawa rangi ya chai ya maziwa. Hilo lilitengenezeka, hedi ikasawazishwa kwa mashine. La pili, chumvi ya maji yale, ndilo lililobaki. Fundi, simtaji, alipomaliza alijaza rejeta kwa mpira wa kisima cha gereji, nami nimesimama pale pale na daftari mkononi, nikaandika: "Maji, sawa." Maneno hayo bado yamo, kwenye ukurasa wenye doa la grisi. Miaka miwili baadaye pampu, rejeta na hita vilikwenda kimoja baada ya kingine.

Basi shika hili. Kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu, maji ya betri nusu, yale ya chupa. Si ya bomba, si ya kisima, wala si ya mvua uliyokinga kwenye bati lenye kutu. Kila miaka 2 yamwagwe yote. Ukijaza, injini iwe baridi, swichi ya hita iwe kwenye joto la mwisho, umimine polepole, kisha uiache iunguruke kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Hewa ikinasa juu ya hedi, sindano ya joto kwenye dashibodi yaweza kukudanganya kwamba mambo ni shwari huku chuma kinachemka. Kifuniko cha tanki la akiba la maji ya rejeta nacho huzeeka. Springi yake ikilegea presha haikai, na maji yasiyo na presha huchemka mapema. Kisha kila Ijumaa, gari limesimama nyumbani, washa AC usikilize feni. Isipoanza, usilivuke daraja la Nyali siku hiyo.

(Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, mtu afika Kwale bila kuiona feri. Babako angeipenda barabara ile.)

Wajua msemo wangu: gari huuawa na kusimama, si na kwenda. Likisimama, mipira ya kuzuia oili hukauka, petroli hugeuka gundi kwenye nozo zinazoipuliza ndani ya injini, pistoni za breki hushikwa na kutu kwa sababu oili ya breki hunyonya unyevu, na unyevu huku kwetu hauna likizo. Ibadilishwe nayo kila miaka 2. Utaniambia siku ile liliumia likiwa safarini. Nami nakwambia halikuwa safarini, lilikuwa limesimama foleni.

Lakini hapo hapo najikata ulimi. Safari yako ya kila siku ni nini, kama si kusimama Kongowea, kusimama darajani, kusimama Buxton? Gari lile lilichorwa na Pininfarina, wachoraji magari wa Italia, likaonyeshwa mwaka 1987, na lilikusudiwa barabara ndefu zenye upepo wa mbele. Kulitumia kila siku ni kuliokoa, na kulitumia kila siku Mombasa ni kulisimamisha kila siku, tena likiwa moto. Hoja yangu ya miaka yote yanigeuka mkononi. Nimeipindua usiku mzima sijaona mwisho wake.

Mkanda wa taiming, ule unaoendesha valvu zifuatane na pistoni, huo hauna pande mbili. Miaka 3 au kilomita 60,000, lolote litakalotangulia. V6 za mwanzo zilikuwa na kikaza mkanda kinachotumia presha ya oili ya injini. Kikivuja, oili hudondokea mkanda na mpira wake ukaharibika. Letu lilitolewa kikawekwa cha springi, tarehe nimeiandika. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni zagongana, na hapo usinipigie simu, mpigie muuza vyuma chakavu. Mkanda mpya, beringi yake mpya, pampu ya maji mpya, kazi moja siku moja. Fundi alinganishe alama za kamshafti zote mbili, zile fito zinazofungua valvu, na ya kranki, fito inayozungushwa na pistoni, kisha aizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, azitazame tena, ndipo aguse swichi. Fundi anayekuambia hilo si lazima, mshukuru uondoke.

Hosi za petroli ziwe zile za injini ya nozo, zinazohimili presha, si za kabureta hata kama unene ni uleule. Ya kabureta itapasuka, nayo imepita karibu na chuma cha moto. Waya hasi zinazofungwa kwenye bodi zifunguliwe zote, zipigwe msasa, zifungwe, zipakwe grisi. Hewa ya bahari huzivika ukijani, taa zikacheza, dashibodi ikapandwa na wazimu, na watu wakacheka umeme wa Kitaliano. Nusu ya umeme huo ni bolti moja yenye kutu.

AC: ukisikia tik tik nyuma ya dashibodi ni kile kimota cha kugeuza njia za hewa, chenye gia za plastiki, jino limekatika. Gesi ya R12 ya wakati ule usiitafute, letu lilishahamishiwa R134a kwa mipira, oili na chujio jipya.

Ijumaa, nilitaka kukwambia, ilikuwa siku ya boneti tangu zamani. Babako akizipangusa zile bomba 6 za kromu kabla ya kwenda msikitini, akisimulia hadithi ile ile: kwamba Giuseppe Busso, aliyeibuni injini hiyo, alifariki Januari 2006, siku chache tu baada ya kiwanda cha Alfa Romeo cha Arese, Italia, kuacha kuitengeneza. "Waona," akisema, "hata yeye aliuawa na kusimama." Kwa hivyo msemo huo ni wangu au ni wake? Tulikuwa tukigombania. Sasa hakuna wa kugombana naye, nauita wangu.

Hukuniuliza uliuze au uliweke, lakini najua ndilo lililo chini ya swali lako. Kuna mtu wa Malindi amepiga simu mara mbili, na bei aliyoitaja si ya matusi. Sijamjibu. Ukinisukuma nitasema... la, sisemi. Mshahara ni wako, foleni ni yako. Mimi nisingalipanda gari hilo kila siku kwa umri wangu, lakini wewe si mimi, na mtu aliyeliosha tangu udogo hajui kulitazama kama chuma. Basi, nimesema sisemi.

Ila ukija Idi, usiliwashe. Najua mkono wako ulivyo mwepesi. Limekaa miezi 14 chini ya mwembe, na mkanda kwa daftari langu una miaka 4. Kwanza mkanda. Kisha petroli ya zamani imwagwe yote. Plagi zitolewe, kijiko kidogo cha oili kwenye kila silinda, injini izungushwe kwa mkono mpaka iende laini. Magurudumu yazungushwe moja moja kuona breki iliyokwama. Tairi zisome ubavuni, tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT, wiki na mwaka zilipotengenezwa. Nadhani zimezeeka kuliko unavyodhani.

Daftari liko kabatini, nyuma ya birika la shaba. Njoo na plagi 6 mpya na maji ya betri lita 10. Kulanti nimeshanunua.

Mamako