Dawa za kichocho shuleni: mwanangu alitapika, anywe tena?

SWALI: Mama muuguzi, shikamoo. Mwanangu anasoma darasa la tatu huku Igombe. Mwaka jana walipewa dawa za kichocho shuleni, akarudi anatapika na kulalamika kizunguzungu mpaka jioni. Jirani anasema vidonge hivyo vinaharibu kizazi. Sasa wametangaza tena, na baba yake hataki kabisa. Nifanyeje?
Mama wa Igombe, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asubuhi ile alikula nini? Nimesimama sana kando ya ile fimbo ya kupimia urefu, mtoto akifika alama fulani anahesabiwa vidonge vyake, na wengi wanaotapika ni waliotoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni. Praziquantel, ndiyo hiyo dawa ya kichocho, ni kidonge kikubwa, kichungu, hakitaki tumbo tupu. Siku hiyo mpe uji mzito, au hata matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na chai, ashibe. Wapo pia wanaosumbuka zaidi kwa sababu wana minyoo mingi, na inapokufa mwili unahangaika. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya siku moja.

Hilo la kizazi si kweli, na linaniuma kila ninapolisikia, kwa sababu mharibifu ni kichocho chenyewe. Kilichoenea kwetu ziwani ni kichocho cha tumbo. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai mengine yanabebwa hadi kwenye ini. Miaka ikipita ini linakakamaa, bandama inavimba, mtu anaanza kutapika damu. Nimewapokea wodini wavuvi wa namna hiyo, wanaume wenye nguvu zao, na ugonjwa waliupata wakiwa na umri wa mwanao. Mweleze baba yake hivyo. Kama naye anashinda majini, aende zahanati akapime choo.

Kwa hiyo anywe, na mwakani anywe tena. Dawa inaua minyoo iliyokomaa, haimkingi asiambukizwe upya akirudi kuogelea. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa kwenye magugu ya ufukweni, hasa jua likiwa kali, wakati uleule watoto wanaporuka majini. Maji ya kuoga yachote, uyaache kwenye ndoo iliyofunikwa siku mbili. Vijidudu hivyo haviishi muda huo wote. Ya kunywa chemsha.

Lakini usiubebe mzigo huu peke yako. Kwenye kikao cha wazazi ombeni siku ya dawa uji upikwe shuleni, maana wapo watoto ambao kwao hakuna cha asubuhi. Na ulizeni habari za vyoo: matundu yakijaa watoto hujisaidia vichakani, mvua inasomba kinyesi hadi ziwani, konokono wanaambukizwa. Mwalimu wa afya naye aambiwe mapema kwamba mwanao alitapika mwaka jana, amkalishe kivulini na kumwangalia kabla ya kumruhusu kurudi nyumbani.