Jinzi, jiki na nguvu ya uzi: kwa wanaoanza mradi wa maabara

Wadogo zangu mliochagua kupima jinsi ukali wa jiki unavyoathiri kitambaa cha jinzi, mmechagua vizuri. Suruali ya mtumba mtaipata soko la Owino mjini Kampala au kwenye gulio la karibu, jiki ipo kila duka. Tangu mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne uanze mwaka 2020, miradi ya aina hii imejaa katika maabara ninayoitunza, nami naipenda. Ila mingi huishia kwenye swali dogo: je, jiki kali hutoa rangi zaidi? Jibu lake kila anayefua nguo analo. Ulizeni hivi: rangi inapotoka, uzi unapoteza nguvu kiasi gani? Mkizidi kuongeza ukali mtafika mahali ambapo weupe hauongezeki tena kwa maana, kinachoongezeka ni kuchanika. Tafuteni mahali hapo.

Buluu ya jinzi ni indigo. Haiyeyuki majini, na imekaa juujuu ya uzi. Kiini cha uzi ni cheupe. Kiambato cha jiki kinachofanya kazi, sodiamu haipokloraiti, huoksidisha indigo na kuivunja kuwa vitu visivyo na buluu, kimojawapo isatini yenye umanjano. Lakini haipokloraiti haichagui. Hushambulia pia selulosi, yaani pamba yenyewe, na hapo ndipo uzi unapodhoofika.

Kwanza someni lebo. Tuseme chupa yenu imeandikwa asilimia 3.5. Fanyeni kila mchanganyiko uwe na ujazo wa mililita 350, hesabu itakuwa nyepesi: mililita 50 za jiki na 300 za maji ni asilimia 0.5, 100 na 250 ni asilimia 1, 200 na 150 ni asilimia 2, jiki tupu ni 3.5. Kikombe cha maji matupu kisikosekane, maana bila hicho hamtajua kilichofanywa na maji peke yake. Asilimia 0.5 mnaifahamu hata kama hamjui: ni ukali ule ule wanaotumia wahudumu wa afya kusafishia sakafu na vifaa wakati wa Ebola, kama ilivyokuwa wilayani Mubende, Uganda, mwaka 2022. Tumieni chupa moja mpya kwa jaribio zima, kwa sababu jiki hupungua nguvu ikikaa, hasa kwenye joto na mwanga. Ile inayouzwa kwenye chupa za soda bila lebo iacheni kabisa.

Suruali iwe ya pamba tupu. Zile zinazovutika zina nyuzi za elasteni (spandeksi), na klorini huziharibu kwa namna yake. Vipande vyote vikateni sehemu moja ya mguu, kwa mfano nyuma chini ya goti, kwa kuwa mapaja na magoti ya mtumba yamekwisha kufifia tangu kwa mwenyewe wa kwanza.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza. Haipokloraiti hutumika na kwisha. Mkitumbukiza kipande kikubwa kwenye jiki kidogo, baada ya muda mtakuwa mnapima kiasi, si ukali tena. Kwa hiyo kila kipande kiwe na uzito sawa, kiogelee kwenye mchanganyiko mwingi ulio sawa, na kikombe kisirudiwe kwa kipande kingine. Joto liwe lile lile pia.

Na muda ukiisha, uishe kweli. Kusuuza kwa maji hupunguza kasi tu. Jiki iliyonasa ndani ya uzi huendelea kula wakati nyinyi mnaandika. Baada ya kusuuza, chovyeni kipande kwenye sodiamu thayosalfeti, ile ile mnayochanganya na asidi mpaka alama ya msalaba ipotee chini ya bikari. Hiyo huimaliza klorini. Kisha suuzeni tena. Msijaribu kufanya kazi hiyo kwa siki au limau: asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huumiza mapafu. Dawa za choo zenye asidi ni vivyo hivyo. Fungueni madirisha, vaeni glavu na miwani ya maabara.

Rangi pimeni kwa simu. Pigeni picha mahali pamoja, mwanga mmoja, karatasi nyeupe ikiwa kando ya kipande, kisha someni namba za rangi kwa programu. Angalieni namba ya nyekundu: indigo hufyonza mwanga mwekundu, hivyo rangi ikitoka namba hiyo hupanda kuliko zote.

Nguvu pimeni kwa uzi mmoja mmoja; kipande kizima cha jinzi kitawashinda kukikata kwa mizigo ya maabara. Chomoeni nyuzi za buluu zinazokwenda kwa urefu wa mguu, msizichanganye na nyeupe zinazokatiza. Zikaushwe kabisa kwanza, kwani pamba yenye maji huwa imara kuliko kavu. Fungeni uzi juu, ning'inizeni chupa ya plastiki, mimineni maji taratibu hadi ukatike, kisha pimeni uzito wa chupa na maji yake. Rudieni kwa nyuzi kadhaa za kila kipande na mchukue wastani. Uzi uliokatika kwenye fundo msiuhesabu.

Choreni mistari miwili kwenye grafu moja, wa rangi na wa nguvu, dhidi ya ukali. Jiki iliyobaki itulizeni kwa thayosalfeti, iongezeeni maji mengi, muimwage kwenye sinki la maabara. Chooni hapana, mkojo na jiki hutoa gesi inayochoma macho na koo.