Waandike wakiwa bado maabara

Kusanya ripoti za maabara za darasa zima, soma tatu za kwanza, na zilizobaki utakuwa umeshazisoma. Kusudi, vifaa, njia, matokeo, hitimisho. Na hilo hitimisho limenakiliwa bwenini usiku, saa chache kabla ya kukusanywa. Siwalaumu wanachuo. Hapa Uganda wengi wametoka sekondari wakiwa wamekariri jedwali la mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa: jaribio, kilichoonekana, maana yake. Mtu anaandika "mashapo meupe" kabla hata ya kufungua chupa.

Mkufunzi mwenzangu wa kemia, uandishi usiwe kazi ya baadaye. Uingize ndani ya kipindi chenyewe, na uanze na swali la mwanachuo.

Utaratibu ninaoutumia sikuubuni mimi. Carolyn Keys, Brian Hand na wenzao waliuchapisha mwaka 1999 wakilenga sayansi ya sekondari, kisha Thomas Greenbowe na wenzake wa Iowa State University, Marekani, wakautumia kwenye maabara za kemia za chuo. Vile vichwa vya kawaida vinaondoka, na mwanachuo anajibu maswali: Nina swali gani? Nilifanya nini? Niliona nini? Ninadai nini, na ushahidi wangu ni upi? Wenzangu na vitabu wanasemaje? Mawazo yangu yamebadilikaje?

Mimi napenda kuanza na chumvi ya Katwe, yale mabonge ya kijivu kutoka ziwa la kreta kule Kasese ambayo wafugaji huwanunulia ng'ombe. Ukigawa unga mweupe ulioandikwa "Chumvi A", watakuuliza wafanye nini. Ukiweka bonge la Katwe mezani, wanabishana wenyewe. Kwa nini ladha yake si kama ya chumvi ya pakiti? (Kuonja kuishie nyumbani. Maabara hatuonji kitu.)

Hapo wape dakika kumi waandike swali, na usipokee kila swali. "Chumvi ni nini?" halijibiki kwa neli ya majaribio. "Je, chumvi hii ina kloraidi peke yake?" linajibika, maana mtu anaweza kutafuta pia kaboneti na salfeti. Kabla ya kumimina chochote aandike anatarajia kuona nini, na kwa nini.

Faida ya haya yote huonekana kwenye dai na ushahidi. Kuna kikundi kiliyeyusha chumvi, kikatia asidi ya haidrokloriki, mapovu yakatoka. Gesi ile ikageuza maji ya chokaa kuwa kama maziwa, yaani ni kaboni dioksidi, kwa hiyo kaboneti ipo. Safi. Kisha kwenye mchanganyiko uleule wakadondosha naitreti ya silva, ambayo hutoa mashapo meupe ikikutana na kloraidi, mashapo yakajaa, wakaandika: "Ina kloraidi." Nikawaambia wasome ushahidi wao kwa sauti, hatua kwa hatua. Binti mmoja wa kikundi jirani akauliza, "Sasa hiyo kloraidi imetoka kwenye chumvi au kwenye asidi yenu?" Kimya. Asidi ile yenyewe ina kloraidi. Dai lenyewe lilikuwa kweli, ila ushahidi wao haukulithibitisha. Walirudia kwa asidi ya naitriki, na pembeni wakaweka neli ya maji safi yaliyotiwa asidi hiyohiyo na naitreti ya silva, walinganishe. Sikuwaambia waweke hiyo neli ya pili. Kwenye kupima salfeti nako wakaiacha kloraidi ya bariamu, wasije wakaongeza kloraidi tena, wakaomba naitreti ya bariamu. Ripoti ya mtindo wa zamani ingepata alama zote, na kosa lingepita bila mtu kuliona.

Rasimu ya kwanza waandike kwa lugha wanayofikiria, iwe Kiswahili, Luganda au Lukonzo. Kiingereza kitakuja kwenye nakala ya mwisho, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Wako wakufunzi wanaopinga jambo hili. Mimi nimeona mabishano yakizimika pale mtu anapoanza kutafuta neno badala ya sababu.

Naitreti ya silva ni ghali, basi watu wanne washirikiane vifaa na matone machache, lakini kila mmoja aandike dai lake kwenye kaunta buku yake. Na punguza majaribio. Kipindi cha saa tatu kinatosha swali moja, pamoja na muda wa kubishana.

Kusahihisha ndiko kunakotisha wengi, hasa darasa likiwa kubwa. Mimi sisomi kila mstari. Naenda moja kwa moja kwenye dai, natazama kama ushahidi unalibeba, halafu nasoma sehemu ya mwisho, pale anaposema wazo gani limebadilika. Nusu ya alama ziko hapo. Aliyeandika "mawazo yangu hayajabadilika" namrudishia daftari na swali moja tu pembeni: ungeona nini ndipo ubadilishe?