Walibaki Watatu, Mmoja Amelala

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Shela, kisiwani Lamu, kazi yangu kutengeneza simu. Mwezi uliopita niliazima projekta, nikatundika shuka jeupe darini kwetu na kualika watu 14 baada ya Isha: mamangu na wadogo zake wawili, mjomba, shemeji yangu pamoja na mama mkwe wake, vijana wenzangu, na mzee jirani aliyekuwa nahodha wa jahazi. Kahawa ilikuwepo, kaimati zilikuwepo. Nikawaonyesha sinema ya Kijapani ya mwaka 1964 iitwayo Suna no onna, yaani mwanamke wa mchangani, kwa kuwa inahusu vilima vya mchanga kama vyetu. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hivyo nilikuwa nikiwatafsiria kwa sauti.

Haikupita hata nusu saa, mama wadogo na yule mama mkwe wakainuka pamoja, hawakuaga. Mjomba akasema muziki ule ni mlango usiotiwa mafuta. Vijana wakatoa simu, kisha wakashuka ngazi mmoja mmoja. Mwisho tulibaki watatu: mimi, binamu yangu aliyelala, na mzee. Usiku mzima mzee alinena mara moja tu. Yule mwanamke aliposema mchanga una unyevu na mgeni wake akambishia, mzee akasema kwa Kiamu, "Mai yako tini ya mtanga," yaani maji yapo chini ya mchanga, akanyamaza.

Tangu siku hiyo nikipita barazani naulizwa kama mlango umeshapata mafuta. Niambie, sinema ndiyo mbaya, ni sisi tusiojua kuangalia, au kosa ni langu? Niirudie au niache?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikapiga mstari chini ya maneno mawili: "nusu saa".

Sinema hiyo naijua. Nusu ya kwanza ya saa inapokaribia kwisha, mgeni anaamka asubuhi na kumkuta mwenye nyumba amelala utupu, kitambaa kimefunika uso tu, na mchanga umemganda mwili mzima. Hukuliandika hilo, nadhani kwa haya. Sasa mama mkwe kaketi na mkwewe mbele ya shuka lenye ukubwa wa mlango wa msikiti, ulitaka afanye nini? Aliinuka kwa heshima yake na ya mwanawe. Mama zako wadogo wakamsindikiza asishuke ngazi peke yake. Usiwahesabu hao miongoni mwa waliochoshwa. Hata nafasi ya kuchoka hawakuipata.

Kwa wasomaji wengine, kisa ni hiki. Mwalimu wa shule anayekusanya wadudu anakwenda kwenye vilima vya mchanga kando ya bahari. Basi la mwisho linampita, wanakijiji wanamteremsha kwa ngazi ya kamba alale katika nyumba iliyo chini ya shimo, kwa mwanamke mjane. Kulipokucha ngazi haipo. Kila usiku wawili hao lazima wazoe mchanga, la sivyo nyumba itafukiwa, na wakigoma hawateremshiwi maji. Mwongozaji ni Teshigahara Hiroshi. Kitabu kilichozaa sinema ni cha Abe Kōbō, kilitoka 1962, na ni yeye mwenyewe aliyeandika mchezo wa sinema. Kwenye tamasha la sinema la Cannes, Ufaransa, mwaka 1964 ilipewa tuzo maalumu ya majaji. Muziki ni wa Takemitsu Tōru.

Mimi niliolewa Mambrui, nyumba ya tatu kutoka ufukweni. Kusi ikivuma, mchanga huingia chini ya mlango, hupanda kwenye mto wa kulalia, huingia kwenye mtungi uliofunikwa. Miaka sita nilifagia baraza alfajiri, na adhuhuri nikafagia mahali palepale. Wali wetu tuliuweka chini ya kawa, na bado ulisikia chembe ikisagika kwenye jino. Nilipoitazama sinema hii mara ya kwanza, Malindi, nyumbani kwa rafiki, wenzangu walimhurumia mwanamume aliyefungwa. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mwanamke. Anamwandalia mgeni chakula, halafu anatundika mwavuli juu ya sahani, mchanga usidondokee. Haelezi, haombi radhi, ni mwavuli tu. Nikasema moyoni, huyu ana kawa yake. Nililia, na chozi hilo sijapata kulieleza kwa mtu mpaka leo.

Kwa hiyo ukiniambia watu wa Lamu hawawezi kitu cha polepole, sikubali. Ni watu gani wanaocheza goma, wanaume wamejipanga safu na bakora mkononi, mwendo wenyewe hata kivuli chake hukioni kikihama, na watazamaji wamesimama saa nzima? Ni nani wanaongoja maji yajae ndipo chombo kipite kwenye mlango wa bahari? Waliokwenda hawakukimbia upole wa mwendo.

Walikimbia, kwanza, sauti yako. Usinielewe vibaya, ulifanya kwa mapenzi. Lakini sinema hii ina maneno machache, na ukimya wake umepimwa kama chumvi. Wajapani wana neno "ma", nafasi iliyo kati ya kitu na kitu, kati ya sauti na sauti, nayo ni kitu kamili, si tundu la kuzibwa. Takemitsu alilishikilia sana neno hilo. Kila mara ukimya ulipokuja ulikuwa ukiujaza tafsiri, na muziki uliporudi ukawakuta watu wamekwisha kuchoka kusikiliza.

Pili, hiyo spika. Hukunitajia ni ya aina gani, lakini ikiwa ni ile ndogo ya kazini kwako, basi mjomba wako ni mkweli. Muziki ule umetengenezwa kwa nyuzi zinazotelezeshwa, sauti inapanda na kushuka bila ngazi, na nyingine zimegeuzwa kwa mitambo mpaka hujui ni fidla au ni upepo. Takemitsu kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe, na tangu 1951 alikuwa na kundi la vijana wa Tokyo waliofanya majaribio ya sanaa. Katika sinema hii hakutaka muziki ukae pembeni kumwambia mtu sasa huzunika, sasa furahi. Aliutaka uwe ndio mchanga wenyewe, unaoteleza, unaokwaruza. Sauti nzito za chini zikimezwa na spika ndogo, kinachobaki ni ule mkwaruzo. Mjomba alisikia bawaba. Kwa kweli hakuwa mbali: alisikia kitu kinachosaga kitu, na ndicho kilichotakiwa. Mwambie nimesema hivyo. Na wa barazani waambie mjomba alisikia vizuri kuliko wao ambao hawakuwepo.

Vijana na simu zao siwezi kuwasemea mengi. Mtu wa miaka 20 aliyeahidiwa sinema huja na tumaini lake, nawe hukuwaambia wanakuja kuona nini.

Irudie, ndiyo, lakini si kwa mpango ule. Wanawake siku yao, wanaume siku yao, kama tufanyavyo harusini. Hilo la utupu liseme mapema, kwa lugha ya adabu, asiyetaka asipande ngazi, na asiulizwe. Kisha kabla ya kuwasha chochote, keti uwahadithie kisa chote, pamoja na mwisho wake. Usiogope kuwaharibia. Wasikilizaji wa tenzi wanakijua kisa kabla hakijaanza na bado wanakaa hadi beti la mwisho. Ukishamaliza, zima taa na ufunge mdomo. Ina karibu saa mbili na nusu kama uliyonayo ni ile ndefu, basi katikati simamisha, watu wanyooshe miguu, kahawa izunguke. Spika tafuta nzuri, iweke nyuma ya shuka, si miguuni mwa watu.

Nimemwacha mzee makusudi. Yule mgeni anambishia mjane mwanzoni kwamba mchanga ni mkavu, hauwezi kuozesha mbao. Karibu na mwisho ndipo anapofunua pipa alilolifukia kama mtego wa kunguru, mtego alioupa jina la Tumaini, akakuta maji yamekusanyika ndani, yamepandishwa na mchanga wenyewe kutoka chini. Jirani yako alilijua hilo tangu mwanzo, na alimjibu mwanamume yule usoni. Atakosaje kujua? Mvua inazama katika vilima vya Shela, mchanga unaichuja, na visima vya hapo ndivyo vinavyoinywesha Lamu.

Siku ya wanaume mpe yeye kiti cha mbele. Wakishaondoka wengine, muulize kisima cha kwao kilichimbwa pima ngapi kabla ya kukuta maji, na nani aliyeshuka chini. Uniandikie alichokujibu.