Dogo, mkono mzuri hautoshi huku

Dogo,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza. Eti Yamamoto, yule Mjapani wa besiboli, kapewa dola milioni 325 kwa kurusha mpira, wewe mkono unao, kocha wako hapo Dar kakusifu, basi nikutumie mwaliko tu uje Japani. Na nasikia mama keshawaambia majirani!

Hela hizo si za huku. Zimetoka Marekani, kwa Dodgers, timu ya Los Angeles, Desemba 2023, mkataba wa miaka 12. Kabla ya hapo Yoshinobu Yamamoto alikuwa mali ya Orix Buffaloes, klabu ya huku Japani, akabeba Tuzo ya Sawamura ya mrushaji bora mara tatu mfululizo, na bado hakuweza kufunga begi akaondoka. Mpaka klabu ikubali, nayo ikalipwa zaidi ya dola milioni 50. Mkono wake, ruhusa ya wengine.

Lakini mimi anayenikaa kichwani ni Masanori Murakami, mrushaji wa zamani ambaye ninyi hamumtaji. Mwaka 1964 klabu yake, Nankai Hawks, ilimpeleka Marekani na wenzake wawili wakajifunze kwa San Francisco Giants. Akaanzia Fresno, ligi ya chini. Tarehe 1 Septemba, ana miaka 20, akasimama New York kuwarushia Mets: Mjapani wa kwanza katika ligi kuu ya kule. Giants wakanogewa. Kumbe kwenye makubaliano kulikuwa na kipengele kwamba kwa dola 10,000 wanaweza kumchukua jumla. Hawks wakasema tulimwazimisha tu. Wakavutana hadi kamishna wa ligi akaingilia, ikaamuliwa acheze 1965 kisha awe huru kurudi. Akacheza mechi 45, akarudi kwao, akaendelea kurusha hadi 1982. Baada yake ilipita miaka 30 bila Mjapani mwingine kwenye ligi ile, mpaka Hideo Nomo mwaka 1995, naye ilibidi ajitangaze mstaafu ndipo apate upenyo wa kuondoka.

Hao ni wenye vipaji, dogo. Sasa nitazame mimi.

Kadi yangu ya ukaazi imeandikwa mwanafunzi. Igeuze nyuma, kuna muhuri: kazi isizidi saa 28 kwa wiki. Saa hizo nazimalizia usiku kwenye kiwanda cha bento, yaani chakula cha kwenye boksi, chumba baridi kama bucha, kofia na barakoa, macho tu ndiyo yanaonekana. Wali unapita kwenye mkanda, mimi naweka plamu moja ya chumvi katikati. Moja. Juzi msimamizi, kijana wa rika lako, alisimamisha mkanda kunionyesha mbele ya watu kwamba yangu imekaa pembeni. Nikainama, nikaomba radhi. Ningefanyaje?

Saa hizo 28 ndizo chumba, ndizo ada, ndizo hela ya mama. Kwa hiyo mkisema "ongeza zamu kidogo, bati hazijafika", mnaniambia nivunje muhuri. Nikibainika hawaniongezei muda wa kukaa, narudi mikono mitupu na ninyi ndio mtakaonicheka wa kwanza.

Usije. Timu za kulipwa ni 12 tu, wageni wana kikomo, na wengi wao huletwa wakiwa wameshacheza Marekani. Hakuna anayemsubiri mtu wa viza ya shule.

Ila ukiamua kuja, anza Kijapani leo, siyo ukishapata viza. Wakala akikuwekea karatasi usiyoielewa, usisaini, hata akisema mimi ndiye niliyemtuma. Na kurusha usiache, unasikia? Ile video yako niliwaonyesha wenzangu wa darasani, nikajidai kweli kweli. Chumba changu ni kidogo lakini tutalala.

Mwambie mama hela ya mwezi huu itachelewa, ada imetangulia. Na majirani awaeleze yeye mwenyewe, mimi simo.