Muulize Fundi: Gia ya tano kwenye Chevelle ya 1969

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Chevelle SS ya 1969, injini ya inchi za ujazo 396, giaboksi ya Muncie ya gia nne, difu 3.73. Mjini ni raha tupu, lakini nikiishika barabara kuu ya I-10 kwenda San Antonio kwa maili 70 kwa saa, injini inalia mpaka mke wangu anaziba masikio. Shemeji yangu kapata giaboksi ya T-5 iliyotoka kwenye Mustang, ina gia tano na bei ni poa. Nifunge?
— Msomaji, Houston, Texas

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hiyo T-5 mrudishie shemeji kwa adabu. Zile za Mustang ya V8 zilipangiwa kubeba msokoto (nguvu ya injini ya kuzungusha shafti) wa kama pauni-futi 300, na 396 yako, hata ile ya chini kabisa, kiwandani iliandikiwa 410. Utaondoka vizuri Jumamosi, Jumapili utaokota meno ya gia kwenye oili.

Ila kilio chako ni cha kweli. Gia ya nne ya Muncie ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela shafti nayo mara moja. Difu 3.73 maana yake shafti huzunguka mara 3.73 tairi likizunguka mara moja. Kwa difu hiyo na tairi la inchi 26, maili 70 ni karibu mizunguko 3,400 kwa dakika, na San Antonio ni maili 200. Ovadraivu ya 0.68, yaani gia inayoifanya injini izunguke mara 0.68 tu kwa duru moja ya shafti, inaishusha injini hadi 2,300 hivi kwa mwendo uleule. Sisi tuliojifunza kazi Tanga kwenye Land Rover Series III tunaikumbuka ile ya Fairey, kadude kanakofungwa nyuma ya giaboksi, kana mkono wake kenyewe. Wazo ni lilelile.

Kwa injini yako ningefunga Tremec TKX, giaboksi ya gia tano iliyopangiwa pauni-futi 600. Inakuja na gia ya kwanza ya 3.27 au 2.87, yaani injini huzunguka mara hizo kwa duru moja ya shafti. Usidanganywe na 3.27, kwa difu yako gia ya kwanza itakuwa imekwisha kabla hujavuka makutano. Chukua 2.87, na ya tano iwe 0.68. Halafu usiwe na pupa ya kuitia hiyo ya tano. Kwa maili 45 injini itakuwa chini ya 1,500, na kama kamshafti yako (ile inayofungua valvu) ni kali, gari litatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Subiri upite 60.

Propela shafti, krosimemba na kebo ya spidi ni kazi za kawaida, fundi wako atazimaliza. Ninapotaka umsimamie ni kwenye belihauzi, lile ganda linalofunika klachi. Mimi mwenyewe niliwahi kumfungia mteja giaboksi mpya kwenye Camaro ya 1968 bila kupima, kwa kuwa ganda lilikuwa la gari lilelile tangu mwanzo. Mwezi haukuisha, gia ikawa inaruka yenyewe akiachia mafuta. Nilipoifungua nikaweka geji ya saa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, nikazungusha injini kwa mkono: tundu la ganda lilikuwa limehama, geji ikasoma sehemu 14 za elfu za inchi. Kinachoruhusiwa ni 5. Pini za kuelekeza zenye kitovu cha pembeni zikamaliza tatizo, lakini kazi ya kushusha na kupandisha nililipia mimi.

Muncie usiiuze, hata mtu akija na pesa mkononi. Angalia kama imegongwa namba ya gari lako. Kama ipo, ifunge kwenye turubai uweke stoo, siku ya kuuza gari itaongeza bei.

Na kabla hujaagiza chochote, hakikisha hiyo 3.73 ipo kweli. Magari haya yamebadilishwa difu na kila mwenye nalo aliyependa mashindano. Weka gia huru, inua nyuma juu ya stendi, piga alama ya chaki kwenye shafti na kwenye tairi, zungusha tairi zote mbili pamoja duru moja, huku mtu akihesabu shafti. Ikifika mizunguko mitatu na karibu robo tatu, agiza nilivyosema. Ikiishia mitatu na kidogo tu, hiyo ni 3.07, na utahitaji TKX yenye gia ya tano ya 0.81.