Dirisha, jiko la mkaa na sonona: yaliyonikuta Mbeya

Pole sana mkuu. Umeuliza kama kupitisha hewa chumbani na kuweka maua ya vyungu kunaweza kutibu sonona bila vidonge.

Nilipanga chumba kimoja Mbeya. Baridi ya Juni na Julai kule si ya mchezo, kwa hiyo usiku jiko la mkaa naingiza ndani, dirisha nafunga, chini ya mlango nasukumia kanga kuukuu. Asubuhi kichwa kinagonga, kichefuchefu, mwili mzito. Nikasema ni mawazo tu, maana kibarua kilikuwa kimeota nyasi na simu za watu nilishaacha kupokea.

Jirani yangu muuguzi aliliona lile jiko likiingia akanifokea. Mkaa ukishakolea hauonekani kutoa moshi, ndiyo maana tunauamini, kumbe gesi ya kaboni monoksaidi inaendelea kutoka. Haina rangi wala harufu, na inanata kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu hulala wasiamke. Nikatoa jiko nje, nikasugua wavu wa dirisha kwa mswaki mkuukuu. Masizi yaliyotoka, kama lami. Siku chache tu kichwa kikatulia.

Sonona ikabaki palepale. Usingizi ulikuja, ila kutoka kitandani bado ilikuwa shughuli.

Mshauri nasaha ndiye aliyenipa daftari: andika saa, ulichofanya, na alama kati ya 10 ulivyojisikia. Wiki ya kwanza karibu kila mstari ni "nimelala". Akaanza kunipa jambo moja kwa siku: leo fua soksi, kesho nenda sokoni kwa miguu ukanunue nyanya. Nilidharau kweli. Wiki ya tatu nikafungua daftari nikakuta nyanya zina 6, kulala kuna 2.

Zimbabwe nao wana mabibi wanaokaa na wagonjwa wa sonona na kuzungumza nao kwenye benchi nje ya zahanati, mpango ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006. Kwa Kishona, lugha ya huko, hali hii huitwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo". Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa benchini walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Maua? Watu husema yanasafisha hewa kwa sababu ya utafiti wa 1989 wa NASA, shirika la anga la Marekani, lakini ulifanyiwa kwenye visanduku vilivyozibwa. Chumbani kwako ungehitaji vyungu mpaka ukose pa kulala. Kimoja kinatosha, kumwagilia uandike kwenye daftari.

Kama tayari unameza vidonge, usiviache kwa maneno yangu bila daktari wako. Na ukijiwa na fikra za kujidhuru usingoje wiki ya tatu, mwite ndugu akupeleke hospitali leo.